Mama Dakika na Ndoo ya Ijumaa

Wasikilizaji wapendwa, ni saa tisa na dakika nne alasiri. Nataja dakika kwa sababu mwenyewe angenigombeza kama nisingetaja. Kaeni karibu na redio. Kama kuna chungu jikoni, punguzeni moto.

Leo tunamkumbuka mama aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, mlango wa mwisho kushoto, pale ambapo harufu ya fomalini hukupokea kabla ya mtu yeyote kukupokea. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Hospitali nzima ilimwita Mama Dakika. Madaktari walimwita hivyo, wauguzi walimwita hivyo, na fagio la pale koridoni lingekuwa na mdomo lingemwita hivyo hivyo.

Mimi nilimfahamu kwa ugomvi. Ndiyo, nakiri. Miaka sita iliyopita nilikuwa kwenye kipindi cha afya, nikasema hewani, tena kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba saratani ya matiti ni ugonjwa mmoja na wote wanaougua hutibiwa namna moja. Simu ikalia. Nikaipokea mbele yenu wote.

"Wewe mtangazaji," sauti ikasema, "umesema jambo lisilo kweli saa tatu na dakika ishirini. Utalisahihisha saa ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nije maabara, na nije na macho, mdomo niuache studio. Jamani! Nimetukanwa na wasikilizaji wengi, lakini huyo alinitukana kwa adabu mpaka nikaenda.

Alinikalisha kwenye kiti kirefu mbele ya hadubini akaanza kunifundisha. Sasa mimi somo la sayansi nililikimbia shuleni, kwa hiyo nitawaeleza kama alivyonieleza yeye, polepole. Mwili wa mwanamke una homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii husafiri ndani ya damu. Ndani ya baadhi ya seli za titi kuna vipokezi. Kipokezi kazi yake ni kuishika ile homoni. Kikishaishika, amri inakwenda kwenye kiini cha seli: kua, gawanyika. Kwenye titi lisilo na ugonjwa amri hiyo ina kiasi chake. Lakini ikitokea saratani, na saratani hiyo ina vipokezi, amri ile ile inakuwa chakula cha ugonjwa. Seli inagawanyika, inagawanyika tena, haijui kukoma.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mimi nilipokosea hewani. Si saratani zote za matiti zina vipokezi hivyo. Nyingi zinavyo. Nyingine hazina. Zenye vipokezi, mgonjwa hupewa vidonge vya kuizuia homoni, anavimeza kila siku kwa miaka, na vinamkinga ugonjwa usirudi. Zisizo na vipokezi, vidonge hivyo havina la kufanya. Narudia: zenye vipokezi, vidonge. Zisizo na vipokezi, vidonge havisaidii.

Utajuaje saratani iko kundi gani? Ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Dakika. Nyama iliyotolewa kwenye upasuaji inatiwa kwenye fomalini isioze, inagandishwa ndani ya nta, inakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinalazwa juu ya kioo kidogo wanachokiita slaidi. Halafu rangi. Seli yenye vipokezi inageuka kahawia. Isiyo navyo inabaki buluu. Daktari anaangalia, anaandika neno moja, na neno hilo linaamua mtu ameze nini kwa miaka mitano au kumi ijayo.

Kahawia au buluu. Mama Dakika alitumia maisha yake hapo.

Msidhani alizaliwa akitazama saa. Mume wake, fundi wa friji, alinicheka nilipomuuliza. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwao, na kila kitu kwenye friji lao, mpaka bakuli la mchuzi, kimebandikwa karatasi yenye saa kilipoingizwa.

"Wapi!" akasema mzee. "Mimi nilienda pale maabara kutengeneza friji. Nikasubiri saa nzima mlangoni, eti yeye ndiye mwenye ufunguo na kausahau nyumbani. Harusi yetu yenyewe alichelewa. Watu wamekaa, mimi nimesimama kama mlingoti, yeye anatafuta kiatu. Huyo Mama Dakika mnayemjua ninyi alianza baadaye. Alianza na ile Ijumaa."

Basi tuseme habari ya ile Ijumaa.

Ni miaka kumi na sita sasa. Mama Dakika, wakati huo hana jina hilo, alikuwa zamu peke yake mchana. Saa nane ikateremshwa ndoo kutoka chumba cha upasuaji. Ndani yake titi zima la mgonjwa mmoja, fundi cherehani. Sasa nyama kubwa namna ile ina utaratibu wake. Inakatwa kwanza vipande vya unene wa kidole, kama mkate, ndipo fomalini iingie mpaka katikati. Fomalini haina haraka. Huingia milimita moja, ikajifikiria, ikaingia nyingine. Ukiitia nyama nzima ndani ya ndoo, nje inahifadhika vizuri, ndani inaharibika kimya kimya.

Siku hiyo binti yake, kifungua mimba, alikuwa anaimba kwaya ya shule. Saa tisa kamili. Mama akatazama ile ndoo. Akamimina fomalini kidogo, ile iliyokuwa imebaki kwenye dumu, kwa sababu kufungua dumu jipya kulitaka kwenda stoo. Hakukata. Akafunika kifuniko. Akasema neno moja, na neno hilo alilirudia kwa watu wengi baadaye bila kulipaka sukari. Alisema, "Itakaa."

Ikakaa. Ijumaa mchana, Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatatu asubuhi.

Binti yake leo ni mwalimu wa hesabu. Aliniambia hivi: "Nakumbuka mama aliingia ukumbini akihema. Alikaa safu ya mbele, akanipigia makofi kuliko mama wote. Alikuwa ananuka dawa, wenzangu wakaziba pua. Mimi sikujali. Kwangu ile ndiyo siku bora ya utoto wangu."

Jumatatu nyama ikakatwa, ikatiwa ndani ya nta, ikapakwa rangi. Slaidi ikatoka buluu tupu. Daktari akasoma, akaandika: vipokezi havipo. Akatia saini. Fundi cherehani akapewa dawa za kudondoshewa mshipani, nywele zikamtoka, zikaota tena, akaambiwa amemaliza. Vidonge hakupewa. Angepewaje, na karatasi inasema havimsaidii?

Ikapita miezi kumi na mmoja.

Mama yetu akapelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili. Huko akafundishwa jambo dogo ambalo maabara yao walikuwa hawalifanyi. Kabla hujaitazama saratani, tafuta mirija ya maziwa iliyo mizima kwenye slaidi hiyo hiyo. Mirija mizima ina vipokezi siku zote, angalau seli chache. Lazima uone kahawia hapo. Ukiona kahawia kwenye mirija mizima, kipimo kimefanya kazi, na ukisoma saratani unaweza kuamini. Ukiona hata mirija mizima ni buluu, basi usiseme saratani haina vipokezi. Sema kipimo kimekufa.

Aliporudi kazini hakuvua hata koti la safari. Akafungua kabati la slaidi za zamani. Akatoa zote zilizoandikwa "havipo". Zilikuwa arobaini na tatu. Akaanza kuzitazama moja moja, na hakuna aliyemtuma. Alitafuta mirija tu. Ya kwanza, mirija kahawia. Ya pili, kahawia. Alikuwa anaelekea kumaliza, ameshaanza kupumua, ndipo akaiweka ya thelathini na nane. Saratani buluu. Mirija mizima nayo buluu. Yote buluu.

Akafungua daftari. Mwandiko wake mwenyewe. Siku, Ijumaa. Akaikumbuka ndoo.

Wasikilizaji wapendwa, niwekeni sawa kama nakosea. Hakuna mtu aliyejua. Hakuna aliyelalamika. Fundi alikuwa kwake anashona, anaamini amepona. Mama huyu angerudisha slaidi kabatini, kufuli likalia kachaa, na dunia ingeendelea. Lakini kama saratani ya yule fundi ilikuwa na vipokezi, basi kila asubuhi homoni ilikuwa inafika kwenye seli yoyote iliyobakia mwilini mwake, na kuiambia: kua. Na hakukuwa na kidonge cha kuizuia. Kila siku ya kunyamaza ilikuwa siku ya ugonjwa kula.

Mume wake anasema siku mbili hakutia kitu mdomoni. "Nikamuuliza, una nini? Siku ya tatu asubuhi akavaa, akaniambia: huenda leo nikarudi sina kazi. Nikamwambia: rudi tu."

Akaenda kwa daktari wake, yule anayezisoma slaidi. Daktari huyo sasa amestaafu, ana mvi kichwa kizima, na aliniomba nisimpambe. "Nilifoka," akaniambia. "Nilimwambia maneno ambayo mtu mwenye elimu hapaswi kumwambia mwenzake. Nilipochoka akaniambia: daktari, ukimaliza, tukatafute kile kipande cha sindano."

Kile kipande cha sindano ndicho kilichokuwa tumaini. Kabla ya upasuaji, fundi alichomwa sindano, kikatolewa kinyama chembamba kama kijiti cha kiberiti ili kujua kama ni saratani. Kinyama hicho kilizamishwa kwenye fomalini papo hapo, na ni kidogo, fomalini ilikiingia chote. Hakikupimwa vipokezi kwa sababu desturi yao ilikuwa kungojea nyama kubwa. Kilikuwa bado ndani ya nta yake, kwenye droo, na vumbi juu.

Akakikata yeye mwenyewe. Akakipaka rangi yeye mwenyewe. Daktari anasema alimkuta amesimama mbele ya hadubini, hataki kutazama. "Tazama wewe," akamwambia. Daktari akainama. Mirija mizima, kahawia. Saratani, kahawia. Kahawia nzito, seli baada ya seli.

"Hapo ndipo nilipokaa chini," daktari akasema. "Kwa sababu ile slaidi ya kwanza, ya buluu, saini ilikuwa yangu. Yeye alikosea ndoo. Mimi nilikosea macho. Nilikuwa nimemfokea mtu kwa kosa la watu wawili."

Hospitali ingeweza kutuma barua. Mama Dakika akasema barua ataipeleka yeye.

Fundi cherehani yupo, wasikilizaji. Yupo mzima, na mdomo wake mzima pia, mtamsikia. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kazi, mashine mbili, pasi moja, na vitambaa mpaka juu ya dari. Akaniambia nisikanyage kitambaa cha watu. Kisha akaniambia haya:

"Alikuja asubuhi. Nilikuwa napinda sketi za shule. Kasimama mlangoni, mkoba kaukumbatia, nikadhani anataka kushonewa. Akasema: dada, mimi ndiye niliyeharibu kipimo chako. Sikumwelewa. Akarudia. Akaeleza ndoo, akaeleza Ijumaa, akaeleza kwaya. Nikamwelewa. Nikamwambia: toka. Nilikuwa nimeshika mkasi mkononi, na namshukuru Mungu niliuweka mezani. Nikamwambia: yaani wewe ulikwenda kusikiliza nyimbo, mimi nikaachwa kwenye ndoo? Akasema: ndiyo. Hakusema: samahani, lakini... Hakusema bahati mbaya. Alisema ndiyo. Akaweka barua juu ya mashine, akaniambia dawa nianze leo leo, akatoka."

Siku nne baadaye fundi akateremka maabara, hana miadi, hana kitambulisho, kavaa kanga ya kazini na sindano kifuani. Akasema, "Nataka kuviona."

Mama Dakika akamwekea slaidi. Fundi akaweka jicho. Akaona madoa ya kahawia, mengi, anasema yalikuwa kama ufuta uliokaangwa. Akauliza, "Hivi ndivyo vinavyonila?"

"Hivyo ni vipokezi tu," Mama Dakika akamjibu. "Vyenyewe havina ubaya. Vinaitikia homoni. Homoni ikiketi hapo, seli inapata amri ya kukua."

"Na kidonge?"

Mama Dakika akavuta kiti katikati ya chumba. Akamwambia, "Kaa." Fundi akakaa. "Simama." Akasimama. Mama Dakika akauchukua mkoba wake, ule mkubwa mweusi, akaubwaga juu ya kiti. "Kaa tena."

"Nitakaaje? Si umeweka mkoba!"

"Basi. Wewe ni homoni. Mkoba ni kidonge. Kidonge hakiui kiti, kinakikalia tu. Homoni ikija, inakuta pamekaliwa, inazunguka, inaondoka. Amri haitolewi. Na ndiyo maana usiruke hata siku moja. Siku ukiruka, mkoba unaondoka kitini."

Onyesho hilo hilo alinifanyia na mimi miaka mingi baadaye, na mimi nilijaribu kukaa juu ya mkoba. Akanizaba begani. Akasema watangazaji hatuaminiki hata na fanicha.

Fundi alimeza vidonge miaka kumi. Hakuruka. Ugonjwa haukurudi. Nasema tena, haukurudi. Madaktari hawawezi kuapa kwamba ni vidonge peke yake, na Mama Dakika alinikataza kuapa. Lakini fundi yupo, ana wajukuu watatu, na ananigombeza kwa kukanyaga vitambaa.

Je, alimsamehe? Nilimuuliza. Akanikata jicho. "Kusamehe ni nini? Mimi nilimshonea makoti."

Ni kweli. Kila mwaka, koti jipya jeupe la maabara. Alipima mwenyewe, akashona mwenyewe, mifuko mikubwa, mshono wa ndani umelala vizuri. Na ndani ya mfuko wa kushoto, mahali ambapo hakuna aonaye ila mwenye kuvaa, akatarizi kwa uzi mwekundu neno moja: IJUMAA. Kila koti. Miaka yote hiyo. Mama Dakika akiingiza mkono kutafuta kalamu, vidole vinapita juu ya neno.

"Hukuona ni ukali?" nikamuuliza.

"Ukali!" akasema. "Angekuwa hataki, si angelifumua? Ana mkasi."

Hospitali ilimpa barua ya onyo. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati la fomalini, kwa gundi, na mpaka juzi ilikuwa pale. Kuanzia hapo ndipo lilipozaliwa jina. Ndoo ikiteremka anauliza: "Imetoka mwilini saa ngapi na dakika ngapi?" Muuguzi akisema "sasa hivi", anajibu, "Sasa hivi si saa." Akatengeneza utaratibu, juu ya kila kifuniko ziandikwe saa mbili: ilipotoka mwilini, na ilipokatwa na kuingia fomalini. Kifuniko kitupu hakipokei. Alimrudisha ngazi daktari mkuu wa upasuaji, mtu mzima na tumbo lake, akaandike. Mkuu akapanda akinuna, akashuka ameandika. Wauguzi wakasimulia wiki nzima.

Binti hakujua chochote kuhusu siku yake ya kwaya. Alikuwa ameshaanza kazi ya ualimu siku alipokunja nguo za mama yake akaliona lile neno jekundu. "Nikamuuliza, mama, Ijumaa gani hii? Akaniambia: ile uliyoimba. Akanisimulia yote. Nililia, nikamwambia basi kosa ni langu, ulikuwa unaniwahi mimi. Akaniambia: acha upuuzi, mwanangu. Wewe uliimba vizuri. Kosa ni mimi kusema itakaa."

Wasikilizaji, nakunywa maji kidogo. Sehemu hii ni nzito kwangu.

Miaka miwili na nusu iliyopita, Mama Dakika alihisi uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Alijua maana yake. Siku ya upasuaji, amelala juu ya kitanda cha magurudumu, amevalishwa kofia, dawa ya usingizi inaandaliwa, akamshika mkono muuguzi. Muuguzi akadhani anaogopa. Akainama amfariji.

"Utaandika saa," Mama Dakika akamwambia.

Ikaandikwa. Ndoo yake ikateremka, ikakatwa kama mkate ndani ya dakika kumi na moja. Wenzake waliifanya kazi kama walivyofundishwa naye. Slaidi ilipokuwa tayari, akamwomba yule daktari wa slaidi asiisome kwanza. Akateremka ngazi kwa miguu yake, bomba la kutolea maji ya kidonda bado liko ubavuni, akaketi kwenye kiti kirefu kile kile.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yake. "Nilijua anatafuta mirija kwanza," akaniambia. "Niliona mkono wake unavyosogeza slaidi. Aliipita saratani kama hajaiona. Akafika kwenye mirija mizima, akasimama hapo. Muda mrefu. Halafu akarudi kwenye saratani. Halafu akasema: mirija imeshika rangi vizuri sana."

Mirija kahawia. Saratani buluu. Kipimo kilikuwa kizima. Saratani yake haikuwa na vipokezi.

Daktari anasema maishani mwake hajawahi kutamani kosa kama siku ile. "Nilitamani ndoo iwe ilisahauliwa. Nilitamani mtu awe amesema itakaa."

Binti alimsihi warudie. Alipiga magoti, mwalimu mzima wa hesabu. Mama yake akamwinua. Akamwambia hivi, na binti ameniruhusu kuyasema: "Mwanangu, mimi nilimpelekea mtu ukweli wake umechelewa miezi kumi na mmoja. Wangu umefika kwa wakati. Usinirudishie."

Alitibiwa. Alipewa dawa za mshipani, nywele zikamtoka, akasema sasa amepunguza muda wa kuchana. Fundi cherehani alikwenda naye kila mara, akakaa kando ya kitanda na kazi yake ya mkono. Siku moja fundi akafungua kipochi, akatoa karatasi ya vidonge. Vidonge vyake vya homoni, vya mwisho, ambavyo alibakiza alipomaliza miaka kumi. Alikuwa amevitunza miaka yote ndani ya mkebe wa vifungo. Akamwekea mkononi.

"Meza hata hivi," akamwambia. "Mimi vilinisaidia."

Fundi alikuwa anajua, wasikilizaji. Alishaonyeshwa kiti na mkoba. Alijua vizuri kabisa. Lakini ukimpenda mtu, unajua na bado unampa.

Mama Dakika akavitazama vidonge. Akakifunga kiganja cha fundi juu yake. Akatabasamu, na akasema, "Dada, utauweka wapi mkoba? Kwangu hakuna kiti."

Fundi aliponisimulia hapo aliacha kushona. Akaniambia nizime kinasa sauti. Nikazima.

Mama Dakika alifariki Jumanne nyumbani kwake, mume wake kamshika mkono mmoja, binti kamshika wa pili. Fundi alikuwa njiani, alikuta ameshaondoka. Akasimama pale mlangoni, koti jipya jeupe begani, la mwaka huu, lilikuwa bado halijawekwa vifungo. Akauliza kwa sauti ya ukali, kama anamgombeza mtu: "Saa ngapi?"

Mume hakujua. Majirani wakatazamana. Mmoja akasema asubuhi. Mwingine akasema sasa hivi tu.

Binti akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, namba zimekaa sawa. Saa nne na dakika kumi na mbili.

"Niliandika," akasema. "Angeuliza."

Kwa niaba ya kituo hiki, nampa pole fundi wa friji, aliyebaki na bakuli zenye saa. Nampa pole mwalimu, binti yake. Daktari wetu, pole. Wenzake wa chumba cha chini, mlango wa mwisho kushoto, poleni, na endeleeni kuwarudisha wakubwa ngazi. Na wewe fundi cherehani, najua unasikiliza na mashine umeizima, pole sana, dada yetu. Mungu amlaze mahali pema.

Na sisi wengine tufikiri. Mama mwenzangu, dada, ukiambiwa una ugonjwa huu, uliza: una vipokezi au hauna? Na mirija mizima ilishika rangi? Ni haki yako kuuliza, na usiogope sura ya mtu. Na kila mmoja wetu ana ndoo aliyoifunika siku moja akasema itakaa. Nina yangu. Mtu wa ndoo ile huenda bado yupo kwake, anashona, hajui. Mlango wake unajulikana. Mama Dakika alikwenda na mkoba wake, akagonga.

Mimi naondoka hewani. Mbele yangu hapa studio kuna karatasi, na nimeandika juu yake: tulianza kumkumbuka saa tisa na dakika nne, tumemaliza saa tisa na dakika ishirini na saba.